Niliisifu Kliniki Yetu kwa Mikono Miwili, Mama Akaniamini

Shangazi mshauri, shikamoo. Mwenzio nakuandikia, nisaidie kabla sijachanganyikiwa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya mtaani kwetu, huu mwaka wa sita, kliniki yenyewe vyumba vitatu na benchi mbili, na daktari ni mmoja tu, wagonjwa wanamwita Haya Mwingine kwa sababu hujamaliza kueleza unapoumwa yeye keshaandika dawa na kuita, “Haya, mwingine!” Mwaka jana ofisi ya afya ilileta fomu za kupima ubora wa huduma, wagonjwa wajaze wenyewe watumbukize kwenye sanduku, zilitakiwa mia moja, zikajazwa kumi na moja, na katika hizo tisa zilikuwa malalamiko matupu. Meneja akaniita ofisini, akafunga mlango, zile tisa akaziweka kando, akasema, “Dada, wewe unawajua wagonjwa wetu. Wasaidie waliosahau kujaza.”

Basi nikawasaidia, Shangazi. Wiki nzima nilikaa na kalamu za rangi tatu, naandika kwa mkono wa kulia nikichoka nahamia wa kushoto, nikawa mjamzito, nikawa fundi aliyeanguka kwenye ngazi, nikawa mzee mstaafu, na wote tulipona na wote tulishukuru, na naungama kwamba ilifika mahali nikanogewa, kwenye fomu ya yule mzee niliandika “daktari alinisikiliza kama mwanangu wa kumzaa” mpaka nikalengwa na machozi mwenyewe. Tukawa wa kwanza wilaya nzima. Maneno ya yule mzee yakachapwa kwenye bango kubwa, chini yake idadi ya wagonjwa waliotusifu, likawekwa getini.

Sasa mama yangu mzazi ana kisukari, na miaka yote alikuwa akitibiwa hospitali ya mbali, kwa nesi mmoja mkali anayemvua viatu na kumkagua nyayo kila akienda. Miezi miwili iliyopita alipita kazini kunisalimia, akasimama mbele ya bango, akasoma kwa sauti, akasema, “Yaani mimi napanda magari mawili kwenda kugombezwa na nesi, kumbe daktari wa namna hii yuko hapa kwa mwanangu?” Akahamia kwetu. Ningemwambia nini? Nikamfungulia kadi.

Akatoka malengelenge kisiginoni, yakawa kidonda, amemwona daktari mara tatu na mara zote tatu hakuvuliwa kiatu, alitoka na vidonge vya maumivu, na juzi nilipomwosha mguu nilikuta kidonda kimekuwa kama kifuniko cha chupa, na kinanuka. Nikamwambia, “Mama, turudi kwa yule nesi.” Akanitazama kwa jicho kali. “Unamwonea kijicho daktari wenu. Watu wote wale wamemsifu, wewe peke yako ndiye unayejua?” Shangazi, watu tisini na nane kati ya wale mia ni mimi! Nikisema ukweli kazi sina, na mama atajua amezaa mwongo, nisiposema naogopa hata kuandika. Nifanye nini?

Wa Mapokezi

*

Mwanangu wa Mapokezi,

Marahaba. Kwa mzee mstaafu nilicheka, sikufichi. Nilipofika kwenye kisigino kicheko kikanikauka. Pole sana kwa hofu hiyo. Pole yangu inaishia hapo.

Miaka sita kliniki, unajua kuliko mimi kidonda cha mtu mwenye kisukari kikianza kunuka kinaelekea wapi. Watu wanakatwa miguu. Na wewe ulipokiona ulifanya nini? Ulitafuta karatasi ukaniandikia mimi, ambaye hata joto la mtoto napima kwa kiganja!

Mpeleke mama yako kwa yule nesi leo. Akikataa, mwambie hivi: “Mama, maneno ya kwenye bango niliyaandika mimi.” Usimtupie meneja. Meneja aliomba, kunogewa ulinogewa mwenyewe. Atakugombeza, pengine atanuna hadi mwisho wa mwaka. Mwache anune. Akitaka kukupa mgongo, awe na miguu ya kugeukia.

Mguu ukishapata wa kuutazama, nenda ofisi ya afya ukaeleze yote. Zile fomu tisa za malalamiko mliziweka wapi? Hizo ndizo zilizosema ukweli juu ya huduma yenu. Kama hazijachomwa, nenda nazo. Kazi huenda ikakuponyoka, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini kwenye benchi zenu wamekaa mama za watu waliosoma bango lilelile, na hawana binti wa kuwaosha miguu nyumbani akagundua.

Mengine ya dhamira yako tutayazungumza ukitaka, nina nafasi. Kwa sasa, kama umesoma hadi hapa ungali umekaa, weka gazeti chini, mshike mama yako mkono, mwondoke.