Gitaa Ndani ya Kitenge

Papa wangu,

Usiamke, nitakuambia polepole. Gitaa lako limelia tena, na ni mimi niliyelipiga.

Unajua Mama alivyo. Siku tuliyokuzika alilifunga ndani ya kile kitenge chako cha njano, akaliweka kabatini, akasema, "Haliguswi mpaka tuondoe matanga." Kisha akaenda Louisville kwa Mama Mdogo, na huko akanyamaza kabisa. Napiga simu, naambiwa amelala. Papa, niliogopa. Nimetoka kukuzika wewe, naona naye ananiponyoka.

Bon, Mwaka Mpya wa Wayahudi ukakaribia. Bibi Miriamu wa mtaa wa Clintonville, hapa hapa Columbus, yule uliyekuwa ukimsukumia kiti chake cha magurudumu, akaniita. Si ndiye aliyekuomba uwapigie muziki wa ibada yao, ile wanayoirusha kwenye intaneti kwa wagonjwa na wazee wasioweza kutoka nyumbani? Nakuona bado sebuleni kwake, jua la asubuhi begani, kamera ndogo juu ya rundo la vitabu, macho umeyafumba. Mwaka ule wa kwanza wimbo wa mwisho ulikuwa wa taratibu, wa kuomba. Vidole vyako vikasahau viko wapi, vikaingia sebene, ile ya mbio ya kuchezesha watu! Sebene kamili, kama kwaya yetu ya kanisa kule Buffalo siku ya Pasaka. Aibu niliyoona, wee! Lakini wale wazee wakaandika kwenye skrini kwamba wanacheza vitandani. Tangu hapo kila mwaka waliisubiri, nawe ukajifanya ulikusudia, muongo wangu mpendwa.

Sasa alitaka nishike nafasi yako. Nikamweleza habari ya kitenge. Akanishika mkono, akaniambia kwao sikukuu ikiingia, siku za kukaa msibani zinakatika. Mfiwa anainuka, anaenda kusali na wenzake.

Nikampigia Mama, safari hii akapokea, nikamwambia yote. Akasema, "Lifungue. Lakini kitenge usikiweke chini, ujifunge nacho."

Nikajifunga nacho. Kilikuwa bado kinanukia wewe. Tulichovya matofaa kwenye asali yao, ile uliyosema inakosa muhogo tu. Nje majani yalianguka bila haraka, na nilipoanza kupiga nikawa kama ninaota. Mguu uligonga sakafu, sikujua ni wangu au ni wako. Wimbo wa mwisho ukafika. Nikaupiga taratibu hadi mwisho, nikasimama. Sebene ilikuwa yako, Papa. Sikuthubutu.

Halafu, katikati ya salamu za wazee, likatokea kwenye skrini jina la Mama, kumbe anatazama kule Louisville: "Mbona umesimama? Papa yako hakuishiaga hapo."

Nikapiga. Nilikosea sana, donc usinicheke. Mama Mdogo anasema Mama aliinuka kwenye kiti, akacheza peke yake jikoni, machozi yakimtoka, akiita jina lako. Kisha akaomba chakula. Jumamosi anarudi nyumbani, Columbus.

Pumzika sasa, Papa. Kitenge nimekifua, nimemwekea Mama kitandani. Gitaa halirudi kabatini. Mwaka mwingine Bibi Miriamu akiwasha kamera yake nitakuwepo, na wimbo ukifika pale unapopapenda, sitasimama.

Binti yako,
Furaha