Kiti cha Jumanne, Saa Nne

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti ya mama yamepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili; mengine utayasoma mbele. Ukitaka kuniita mwoga, kumbuka kwamba ulikwisha kuniita mjuaji, na mtu mmoja habebi majina yote.

Uliponiomba nikupangie ratiba ya muhula wako wa kwanza, nilijigamba kwamba ofisi ya usajili haijapata kuajiri kichwa kama changu. Nilikupangia masomo matano ya sheria na uchumi, nikakuachia Ijumaa mchana uwe huru. Siku ya pili nikakuta limeongezeka la sita: Kemia kwa vitendo, Jumanne saa nne asubuhi, Chumba cha Tisa. Nikalifuta. Kesho yake limerudi. Nikalifuta tena mbele ya karani mkuu, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, nalo likarudi tukilitazama. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimesahau kwamba Chumba cha Tisa kilibomolewa miaka minne iliyopita na mahali pake pameota nyasi. Nilimjibu kwamba kila tokeo lina sababu yake. Akasema, basi itafute, mwanangu, si wewe ndiye msomi?

Kanuni yetu ya wiki ya marekebisho unaijua: darasa likijaa, hutoki mpaka apatikane wa kukaa kitini pako, na nyote wawili mtie sahihi fomu moja. Leo asubuhi nimeikuta fomu hiyo mezani pangu, ya karatasi ya manjano tuliyoacha kuitumia zamani. Anayetoka Chumba cha Tisa alikwisha kutia sahihi. Mahali pa anayeingia palikuwa na namba yako ya usajili, bila sahihi. Herufi zilikuwa za kujikokota, kila moja ikimngoja mwenzake. Nilizijua.

Unamkumbuka Kobe, niliyeishi naye chumba kimoja, uliyemtania kwamba akianza safari leo atafika ukiwa bibi? Mnajua nyumbani kwamba alikufa mtungi wa gesi ulipolipuka katika Chumba cha Tisa, na kwamba kiti kile kilikuwa changu kabla hatujabadilishana. Mama alimshukuru Mungu kwa bahati yangu.

Haikuwa bahati. Wiki moja kabla, nilisikia harufu ya gesi mle ndani. Sikumwambia mwalimu, kwa kuwa tulikuwa tumebishana, na kiburi hakikuniruhusu kumwendea. Nikatafuta wa kubadilishana naye. Kobe aliniuliza mbona nakihama kiti kizuri cha karibu na dirisha. Nikamjibu kwamba saa nne ndiyo saa yangu ya kusoma falsafa. Akacheka, akasema haya, msomi, lete kalamu. Waliochunguza mlipuko waliponihoji, mimi mjuaji niliwaambia sijui kitu.

Hiyo ndiyo sababu niliyotumwa kuitafuta. Nimemwandikia mama yake Kobe yote, na barua imekwisha kwenda. Kisha nimeikata namba yako kwenye ile fomu, nikaandika yangu ya zamani, nikatia sahihi. Ratiba yako sasa ina masomo matano. Nimeifungua mara saba: matano.

Leo ni Jumatatu. Barua hii itakufikia baada ya kesho, nami nimekusudia iwe hivyo, maana ungekuja kubishana, na safari hii ungenishinda.

Msalimie mama, mpake dawa magoti asubuhi na jioni, asikudanganye kwamba amekwisha kupaka. Soma kwa bidii, na ukisikia harufu usiyoielewa mahali popote, sema, hata kwa mtu usiyempenda.

Madirisha ya ofisi yote yako wazi, na humu hatuna hata jiko la chai. Lakini naisikia.

Ni mimi kaka yako,
Mjuaji