Miwani Inayonuka

Dada yangu mpendwa,

Barua hii iwakute wazima, wewe, shemeji na wale wapwa zangu watundu. Mgongo wako vipi? Mama anasema bado unakusumbua ukiinama kufua. Mwambie shemeji afue mwenyewe, mikono anayo. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, anagombana na redio kama kawaida yake. Mimi pia ni mzima, ingawa neno hilo nimeliandika, nikalikata, nikaliandika tena.

Kwenye barua yako umeniuliza kwa ukali kwa nini nimeahirisha harusi mara ya pili, na kama nina mpango wa kumzeesha binti wa watu. Kwenye simu nilikwambia vyumba havijapakwa rangi. Dada, vyumba vilishapakwa rangi zamani, hata mapazia nimetundika. Sababu ni mdomo wangu. Unanuka. Haya, nimeshasema, sasa niache nikueleze yote, maana nikinyamaza tena nitapasuka.

Kazi yangu dukani unaijua: nakata vioo, navipachika kwenye fremu, kisha namvisha mteja na kuirekebisha miwani mpaka imkae sawasawa. Kabla ya kumvisha, kuna jambo sisi mafundi miwani tunalifanya bila hata kufikiri. Tunavipulizia vioo pumzi ya moto, haaa, mpaka viingie ukungu, halafu tunavifuta kwa kitambaa. Basi siku moja mama mmoja mchangamfu alirudisha miwani aliyoichukua jana yake. Alisema anaona vizuri ajabu, hata uchafu wa chini ya kabati sasa anauona, shida yake ni moja tu: miwani inanuka. Mwenzangu wa dukani, tunamwita Kasuku kwa jinsi asivyofunga mdomo, aliinusa akasema labda ni harufu ya plastiki mpya. Nami kwa kujifanya mwema nikaipokea, nikaipulizia haaa, nikaifuta vizuri, nikamrudishia. Yule mama akaivaa, akanitazama. Alinionea huruma, Dada, na huruma yenyewe niliiona kupitia vioo nilivyokata kwa mikono yangu. Kasuku alikimbilia stoo kucheka.

Bosi ni muungwana. Wiki ile ile alinihamishia chumba cha nyuma, kwenye mashine ya kusagia vioo, akasema huko ndiko kunakohitaji mkono mtulivu. Nikamshukuru. Ningemwambia nini?

Tangu hapo roho yangu iko juu juu. Mtu akigusa pua, najua ni mimi. Akifungua dirisha, ni mimi. Kwenye foleni ya benki nasimama nimegeuza shingo kama mtu anayemtafuta ndugu yake, mpaka askari wa mlangoni akaanza kunifuata kwa macho. Na linalotia wazimu ni kwamba mimi mwenyewe siisikii hiyo harufu. Nalamba mkono, nanusa. Napulizia kiganja, nanusa. Napulizia glasi, naiziba haraka, nainusa. Hakuna kitu! Pua yangu imeshanizoea. Na kumwuliza mtu siwezi, maana mwenye adabu atanidanganya na asiye na adabu atawatangazia wengine.

Dawa nimetafuta mpaka nimekuwa kichekesho. Nimesukutua kwa maji ya chumvi, kwa limau, kwa ile dawa ya buluu inayochoma mpaka machozi yanakutoka. Nimekwangua ulimi kwa kijiko nikautoa damu. Nimepiga mswaki kwa mkaa uliosagwa, nikaenda kazini na meno meusi. Jirani mmoja akaapa kwamba yote hayo yanaanzia tumboni, nikanywa dawa ya minyoo. Muuza dawa za miti akanipa unga mchungu na kunishauri nitafune kitunguu saumu kibichi kila asubuhi. Nikakitafuna, Dada! Ukishafika mahali pa kutibu harufu kwa kitunguu saumu, ujue akili imekuaga. Mwisho nikabaki na karafuu, nazibeba mfukoni kila niendako.

Sasa nije kwa mchumba wangu, Mwalimu. Hujapata bado kukaa naye vizuri, lakini bila shaka umeshasikia habari za kicheko chake. Akicheka darasani, watoto wa darasa la jirani wanacheka bila kujua wanachekea nini. Kicheko hicho ndicho kilichoniteka. Basi nikawa kila tukikutana natoa peremende, nampa yake kwanza, halafu natia yangu mdomoni, nionekane mkarimu tu. Akinisogelea, nageuza uso. Akisema, namjibu nikiwa naangalia mlango. Kidogo kidogo nikaona naye amebadilika. Akaanza kukaa ule upande wa mbali wa kochi. Nikifungua mdomo, kiganja chake kinapanda mpaka usoni. Kicheko kikapungua, kikaisha. Nikajua basi, imeshamfika puani, na heshima yake ndiyo inayomzuia kusema.

Hapo ndipo nilipojikaza nikaenda kwa daktari wa meno. Ni msichana mdogo, pengine naye ni kitindamimba kama mimi, na alipomulika taa mdomoni mwangu hakurudi nyuma hata kidogo. Barakoa alikuwa amevaa, ndiyo, lakini hata hivyo nilitamani kumkumbatia. Alisema gego la mwisho kabisa limeota kiupande, fizi imelifunika nusu, na chakula kinaingia chini yake kinaoza. Alinisafisha, na baadaye akaling'oa. Akaniambia pia niache ile dawa ya buluu, ninywe maji mengi na nizungumze na watu, kwa sababu kinywa changu ni kikavu mno. Harufu itapungua, alisema, ila hakuniahidi kwamba itakwisha kabisa. Nikatoka na shavu limevimba na wasiwasi ule ule. Itapungua kwa kiasi gani? Na nani atakayenipimia? Nikaamua bora nimwache Mwalimu aende zake, apate mwanamume anayeweza kumtazama usoni.

Jumapili nilikwenda kwa Mama kumpa habari hiyo. Nilimkuta anachambua mchele, nami nikawa namung'unya maneno tu, hili halitoki, lile halitoki. Akavua miwani yake, akanipa nimfutie kwa sababu imejaa vumbi. Mkono ukaenda wenyewe, Dada. Nikaipulizia haaa, nikaifuta, nikampa. Alipoivaa, mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akasema polepole kwamba amemsikia marehemu baba yetu.

Nilidhani umri umeanza kumchezea. Kumbe anasema kweli. Mdomo wa Baba ulinuka hivi hivi. Wewe ndiye uliyekaa naye muda mrefu, labda ulijua. Mimi nilimdhania tu kuwa mtu wa maneno machache, anayependa kukaa peke yake dirishani. Mama alicheka sana niliposema hivyo. Alisema usiku mtu huyo alikuwa hanyamazi, anampigia hadithi mpaka usingizi unampitia, na yeye kazi yake ilikuwa kumsukuma kidevu kielekee ukutani. Baba mwenyewe ndiye aliyemwambia, kabla hajamwoa, akiwa amesimama ng'ambo ya barabara. Naye Mama akamjibu kwamba hata yeye ana lake, anakoroma. Kisha akaniuliza kama nimemwambia Mwalimu. Nikasema sijamwambia. Akaniamuru niende siku ile ile, na karafuu niziache pale, atatia kwenye chai.

Nikaenda. Mwalimu alikuwa ameketi ule upande wake wa kochi. Sikutoa peremende. Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja, yule mteja, chumba cha nyuma, kitunguu saumu, gego, mpaka vyumba ambavyo vilishapakwa rangi. Akaweka viganja vyote viwili mdomoni, machozi yakaanza kumtoka. Nikasimama nijiondokee.

Akanishika shati. Aliniambia kwamba muda wote huo alikuwa akiamini anayenuka ni yeye. Mwanamume gani anampa mchumba wake peremende kila wakikutana, yeye kwanza, tena kwa kumsisitiza? Mwanamume gani anageuza uso kila anaposogelewa, na anaahirisha harusi mara mbili kwa ajili ya rangi, wakati yeye alishachungulia dirishani akaiona imekauka? Kwa hiyo akasogea mbali kwenye kochi ili asinikere. Akaziba mdomo kwa kiganja. Akaacha kucheka. Darasani alikuwa akifundisha amewageuzia watoto mgongo, anaongea na ubao. Alifungua mkoba wake akanionyesha: karafuu, Dada, karafuu tupu. Alishakwenda hata kwa daktari yule yule, akaambiwa mdomo wake hauna kasoro, naye hakuamini.

Hilo ndilo nililotaka kukuungamia, na ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yale ya dukani. Ugonjwa ulikuwa wangu, lakini nikamgawia mtu asiyeumwa chochote. Nililia, sikufichi.

Tulipotulia, tukakubaliana kupimana. Nilimnusa mimi kwanza: hakuna kitu, labda chai. Alinilazimisha kuapa. Halafu akasogea yeye, akafumba macho, akanusa kwa makini kama anayeonja chumvi. Akasema ndiyo, nanuka, kidogo, kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa, na kwamba siku ikizidi ataniambia. Huwezi kuamini nilivyojisikia mwepesi. Hatimaye kuna mtu ameniambia.

Harusi ipo, tarehe atakupa Mama. Wasiwasi haujaniisha, hata jana nimenusa kiganja changu kwenye ngazi za duka. Lakini ukija, usinionee aibu. Nisogelee, unuse, useme.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mwalimu naye anakusalimu. Ameisoma barua hii yote hapa mezani kabla sijaifunga, ameicheka mpaka jirani kagonga ukuta, na mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani.

Wako wa damu,
Kitindamimba, fundi miwani