Kioo cha Nyuma

Segese, Jumanne

Kaka Sostenes, shikamoo.

Mvua zimeanza, watoto hawajambo. Fundi Bujiku amenipatia kioo cha nyuma kilichotumika, cha gari lililopata ajali. Kipya ningekiweza wapi? Hiki ni cheusi kidogo, aliyekaa nyuma haonekani.

Kwenye simu uliniuliza kile cha zamani kilivunjikaje, nikashindwa kusema mbele ya watu. Tulirushiwa jiwe tukitoka kanisani na mama. Jirani amefiwa na mtoto, wanasema mama ndiye kamroga. Hakuumia. Alikung'uta vipande kwenye kitenge, akasema, "Melania, endesha tu, mwanangu."

Jumamosi alfajiri namleta kwako Chato. Yeye anadhani anakuja kukusalimia tu. Usimwambie kwamba harudi.

Mdogo wako,
Melania