Honi Kwenye Kona ya Tobias

Mbinga, Jumapili baada ya misa

Shemeji Joakim,

Habari za ziwani? Sisi huku mlimani hatujambo. Kahawa imeiva, na mwanangu Aurelia ameng'oka jino la kwanza. Nasikia kazi ya kupakua meli hapo Mbamba Bay imekukubali kuliko usukani wa lori.

Tangu saruji ianze kuja kwa maji kutoka Kyela, malori hayapiti tena hapa. Watoto wanavuka barabara bila hofu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini unaijua ile kona alipofia mume wangu Tobias. Madereva wenzenu kila walipofika pale walimpigia honi, na mama yenu akiisikia aliitikia, "Pita salama, baba." Sasa kumekuwa kimya. Anasema mmemsahau mwanawe, na chakula anakigusa tu.

Jana nilimwomba dereva wa Hiace apige honi. Mama akasikiliza, kisha akasema, "Hiyo si ya lori, mwanangu. Usinidanganye."

Njoo umweleze wewe kwamba mizigo imehamia ziwani. Mimi nimeshindwa, maana kila jioni nami natega sikio.

Shemeji yako,
Gertruda