Utani wa Kaburini

Mkunya, Newala
12 Agosti 2024

Mtani wangu Zabroni, shikamoo. Habari za Lukuledi? Miguu ya mama watoto imepungua kuvimba? Sisi huku tunapumua tu.

Siku tunamzika Baba Huruma uliingia kaburini na viatu vyako, ukagoma kutoka mpaka upewe kuku. Ukasema, "Mmawia huyu mzikeni ng'ambo ya Ruvuma, ardhi hii si yake." Nilicheka, mimi mjane. Ndiyo kazi ya nyinyi Wamakua kwetu Wamakonde, kutupunguzia kilio.

Sasa jirani yetu Anderson ameingia kwenye mikorosho yetu. Anasema baba mkwe alitoka Msumbiji, na Mmawia, Mmakonde wa ng'ambo, hana shamba hapa, hata mtani wao alitamka kaburini watu wote wakisikia. Mwanangu Huruma anaitwa Mmawia shuleni, amegoma kwenda. Neno ni lile lile lililonichekesha, sielewi. Kikao cha kijiji ni tarehe 20. Njoo useme ukweli.

Mtani wako,
Mama Huruma

Lukuledi, Masasi
15 Agosti 2024

Mama Huruma, marahaba. Miguu afadhali. Poleni tena na msiba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kichwa kinaniuma. Marehemu mumeo Nathanaeli aliniita mla panya miaka thelathini, nami nikimwita Mmawia, na tulikula sahani moja. Limekuwa tusi lini? Ile mikorosho baba yake aliipanda mimi nikiwa darasa la pili hapo Mkunya, niliona kwa macho yangu. Nakuja.

Mtani wako,
Zabroni

Mkunya, Newala
22 Agosti 2024

Shemeji, shikamoo. Ulifika salama? Uliondoka bila kuaga.

Ulisema vizuri kikaoni, mpaka ukatokwa machozi. Nao wakacheka. "Mtani huyo, hata machozi yake ni utani." Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akaishiwa pumzi, akaahirisha kikao mpaka nilete shahidi wa kweli. Ya kaburini waliyaamini, haya wameyakataa. Sijui nikulaumu kwa lipi. Anderson anafagia chini ya mikorosho, anasubiri korosho zianguke.

Arobaini ni Jumamosi, tarehe 14 Septemba. Watani watakuja kama kawaida. Nawe njoo, ila usikae nao. Kaa mkekani na sisi wafiwa, ulie.

Shemeji yako,
Mama Huruma