Ngamia Kumi na Sita na Tangi Moja

Mpendwa Eedo Shamis, shangazi yetu sote wa ushauri, naomba unisaidie maana nimejiharibia mwenyewe, mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Banissa, nilitoka Kitui mwaka juzi, na sasa wiki mbili nazunguka tu ofisini na chaki mkononi hata kama sina kipindi. Kisa ni ngamia. Kitabu kilikuwa na swali la vibarua wanaochimba mtaro, wakiongezeka siku zinapungua, nikaona wacha niwafurahishe wanafunzi, nikatoa vibarua nikaweka ngamia: ngamia kumi na wawili wanamaliza maji ya tangi kwa siku nane, je, ngamia kumi na sita watayamaliza kwa siku ngapi? Darasa zima likaandika sita, isipokuwa Idil, anayeongoza hesabu tangu nifike, yeye akaandika, "Haiwezi kujulikana. Mwalimu hakusema walikunywa lini mara ya mwisho." Nikadhani ananidharau, nikampa sifuri, nikasoma jibu lake kwa sauti, darasa likaangua kicheko, nami nikaongeza kwamba mtu kama yeye akienda huo uuguzi anaoutaka ataua wagonjwa. Tangu siku hiyo swali lolote la maneno, liwe la uwiano au la uwezekano wa kutoa mpira mwekundu mfukoni, analiacha wazi, na mtihani wa kidato cha nne umebaki wiki tatu! Jana baba yake, Mzee Nunow, alikuja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mtoto amekosa nini?" nikamwambia nina kipindi, nikatoka na chaki yangu. Nimepiga hesabu, uwezekano wa Idil kufaulu ulikuwa tisa kwa kumi, sasa hata tatu siioni. Nikiomba msamaha mbele ya darasa, si watanipanda kichwani? Nifanye nini?
Katunge, Banissa

Abaayo, dada yangu Katunge, pole, lakini leo utanisikia. Mimi nimekulia kisimani Wajir. Ngamia hanywi kila siku kama ng'ombe wa kwenu! Akishiba maji leo, anaweza kukaa wiki nzima bila kuyatazama. Hesabu yako inasimama tu ikiwa kila ngamia anakunywa kiasi kilekile kila siku, na hilo hukuliandika. Idil aliona pengo hilo, wewe ukamwambia ataua watu. Wallahi, nilipofika hapo niliweka barua chini kwanza, nikanywa chai.

Na kile kicheko? Watoto wa wafugaji hawakumcheka Idil, walikucheka wewe. Waliandika sita kwa sababu walijua ndiyo unayoitaka. Idil peke yake ndiye aliyekuheshimu kiasi cha kukuambia ukweli.

Basi acha kumpigia uwezekano kana kwamba yeye ni mpira mfukoni. Kesho asubuhi, mbele ya darasa lilelile, andika swali lako ubaoni, sema, "Nilikosea," kisha mpe Idil chaki alirekebishe mwenyewe. Hawatakupanda kichwani, watakuamini. Halafu mwambie bila kuficha kwamba mtungaji wa mtihani naye huenda hajawahi kunywesha ngamia, kwa hiyo siku hiyo aandike sita, achukue alama zake, aende zake. Ule ubishi autunze kwa ajili ya wodi. Mimi nikilazwa, namtaka muuguzi anayeuliza nilikunywa dawa lini mara ya mwisho.

Ukimaliza, usingoje Mzee Nunow arudi shuleni. Nenda kwake wewe, kwa miguu yako, umpe jibu lake: mtoto hakukosa.